Peni janja za kuhamisha mwandiko kwenye simu: angalia karatasi kabla hujatoa hela

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, kila Jumamosi naandika nani kaweka hisa, nani kakopa, nani kachelewa kapigwa faini, halafu usiku nakaa tena nachapa yale yale kwenye simu mpaka macho yanauma. Ndo tamaa ya peni janja ikanishika. Ya kwanza niliagiza mtandaoni, sitaitaja, nikaandika kwa raha zangu mpaka daftari lake likaisha, nikazunguka Makoroboi na stationari zote za mjini kati, kila duka wananipa kaunta buku. Kaunta buku haisomi bana!

Nyingi ya hizi peni zina kakamera karibu na ncha, kanasoma vidoti vidogo vilivyochapwa kwenye karatasi yake maalum, bila vidoti peni haijui iko wapi kwenye ukurasa, inabaki biki ya bei mbaya. Kwa hiyo hapa chini napanga kwa urahisi wa karatasi.

Namba moja, Rocketbook. Hapa hata peni sio janja, ni daftari la kufuta kwa kitambaa kibichi ukaanza upya, unapiga picha na programu yake inajaribu kubadilisha mwandiko kuwa maandishi. Unatumia peni za Pilot FriXion tu, subiri wino ukauke kidogo, na usiliache kwenye dashibodi ya gari saa nane mchana maana wino huo unapotea ukifika nyuzi 60 hivi.

Namba mbili ni Neo Smartpen. Inatunza ulichoandika hata simu ikiwa mbali, na mrija wake wa wino ni ule mfupi wa kawaida unaoitwa D1. Karatasi unaweza kuprinti mwenyewe kwa printa ya leza, ila usitoe fotokopi ya ukurasa mmoja mara ishirini, vidoti vitakuwa vile vile na peni itadhani unaandika juu ya ukurasa ule ule.

Tatu, Livescribe, na hii kidogo niipandishe. Inarekodi sauti huku unaandika, baadaye unagusa neno inakurudisha pale pale lilipokuwa linasemwa, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT ataielewa haraka, na mimi nawaza yule mama anayesema kila mwezi "mie sikukubali faini hiyo", nigonge tu hapo ajisikie mwenyewe. Ila toleo lao la Echo la 2010 linahamisha kwa waya kwenda kompyuta, ukiuziwa mtumba ujue hilo. Na waambie watu unarekodi jamani.

Peni janja na daftari za Moleskine ni nzuri kwa macho, teknolojia ni ya hao hao Neo, unalipia jalada.

Kama huna haraka anza na Google Lens kwenye simu yako, ni bure, inasoma karatasi yoyote mradi mwandiko unasomeka. Na popote utakapoangukia jaribu Kiswahili kwanza, programu moja niliyojaribu imezoea Kiingereza basi "sangara" ikawa "sugar", na kwenye hesabu 1 yangu ikageuka 7, mama wa watu akaonekana anadaiwa elfu sabini badala ya kumi. Siku hizi tarakimu nachapa mwenyewe, maneno ndo naiachia simu.