Uzi wa Kutililia Nguo za Sufu: Upi Ununuliwe Kwanza na Upi Uachwe Dukani

Sweta ya sufu ikitoboka kiwikoni, watu wengi huanza kwa kutafuta vifaa vya kushonea, na uzi huchukuliwa mwishoni, wowote ule ambao rangi yake inakaribia. Utaratibu huo umepinduka, kwa sababu kinachoamua kama mshono utadumu ni uzi. Niliwahi kutililia kiwiko cha sweta yangu, yaani kuziba tundu lake kwa kulisuka upya kwa sindano, kwa uzi wa pamba uliolingana nayo rangi kabisa. Baada ya kuifua mara chache kiraka kilikuwa bado kizima, lakini sufu iliyokizunguka ilikuwa imekatika karibu duara zima, na tundu lililokuwa dogo kuliko ukucha likawa linapitisha vidole viwili. Sufu kavu huweza kuvutika kwa takriban asilimia 30 ya urefu wake kabla ya kukatika, ilhali pamba kwa kawaida haifiki hata asilimia 10. Mkono unapokunjwa, sufu inakubali kuvutika na pamba inagoma, hivyo nguvu yote huangukia nyuzi za pembeni.

Kabla ya kutoa fedha, ichunguze nguo yenyewe, kwani uzi ulio bora kuliko wote hauuzwi: ni ule uliotokana na nguo hiyo hiyo. Baadhi ya sweta huja na kifurushi kidogo cha uzi wa akiba, na nyingine hukuruhusu kufumua kidogo mshono wa ndani wa ubavuni. Tazama kingo za mshono huo kwanza; zikiwa zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa mashine, utapata vipande vifupi tu visivyofaa kitu, na hapo sasa ndipo unapohitaji kununua.

Nafasi ya kwanza naupa uzi mwembamba wa sufu iliyochanganywa na nailoni, ambao hutengenezwa kwa ajili ya kufumia soksi. Mchanganyiko ulioenea ni asilimia 75 ya sufu na asilimia 25 ya nailoni: sufu huufanya uvutike na kupumua pamoja na nguo, na nailoni huuzuia kulika upesi mahali panaposuguliwa, kama vile kiwikoni, kisiginoni na kwenye pindo la mkono. Gramu 50 za uzi huu huwa na takriban mita 200, kiasi kitakachokufaa kwa matundu mengi. Jambo la kuangaliwa zaidi ni unene. Ulaze uzi juu ya nguo, sambamba na mstari mmoja wa vitanzi, kisha uutazame kwa karibu. Ukiwa mnene kuliko uzi wa nguo, kiraka kitakuwa kigumu na kitavimba kama kovu. Uzi uliosokotwa kwa nyuzi nne unaweza kuutenganisha ukatumia mbili, na ndiyo maana ni afadhali kukosea upande wa wembamba. Rangi uitazame kwenye mwanga wa jua, na usipoipata inayolingana, uchague iliyokoza kidogo. Kwa macho yangu, kiraka kilichopauka ndicho kinachojitangaza kutoka mbali.

Ya pili ni sufu tupu iliyosokotwa nyembamba, hasa merino, sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, ambayo naipendelea kuliko ile ya kwanza kwa nguo laini zinazogusa shingo, ingawa haivumilii msuguano kwa kiwango kile. Soma lebo yake vizuri. Sufu ambayo haikutiwa dawa ya kuiwezesha kufuliwa kwa mashine hujikunyata na kushikamana ikikutana na maji ya moto na msuguano. Ukiishonea kwenye nguo iliyotiwa dawa hiyo, kiraka kitajivuta na nguo itabaki na makunyanzi.

Kwa vitundu vidogo sana, visivyozidi milimita 5, sufu isiyosokotwa pamoja na sindano ya felti hushika nafasi ya tatu. Sindano hiyo ina vijino vidogo ubavuni vinavyosukuma nyuzi ndani ya nyingine hadi zishikamane bila mshono wowote. Namba yake ikiwa kubwa sindano ni nyembamba: 38 yatosha kwa kuanzia, na 40 kwa nguo laini. Weka sifongo nene chini ya nguo, uchome ukiwa umeinyoosha sindano wima kwa sababu huvunjika upesi ikipindwa, na usiitegemee njia hii kiwikoni.

Akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani unaofanana na sufu, ni ya nne. Ni ya bei nafuu na ina rangi nyingi, lakini huota vidonge vya nyuzi juu yake na huharibika chini ya pasi ya moto. Viraka vya kubandika kwa pasi naviweka mwisho, kwani gundi yake hukakamaa juu ya kitambaa kilichoumbwa kuvutika.

Sindano ziwe mbili, zote zenye tundu kubwa: butu kwa nguo za kufuma, ili ipite kati ya vitanzi bila kuupasua uzi, na yenye ncha kali kwa makoti ya kitambaa cha mtande na mshindio, yaani nyuzi za wima na za mlalo zinazopishana bila vitanzi. Uyoga wa mbao wa kutandazia tundu ni mzuri, ila kitu chochote cha mviringo, kigumu na laini hufanya kazi ile ile. Anza kushona sentimita moja nje ya tundu, kwenye sufu iliyo nzima, na kila unapogeuza uzi uache kijitanzi kidogo ukingoni, maana uzi mpya utajivuta kidogo utakapofuliwa.

Ikiwa matundu yametokana na nondo, usishone kwanza. Anayekula sufu ni kiwavi, si nondo anayeruka, na mayai yake hayaonekani kwa urahisi kati ya nyuzi. Ifunge nguo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiweke kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uifue. Na droo ilimokuwa uisafishe hadi kwenye pembe zake kabla nguo hiyo haijarudi humo.