Kambi Ipi Ikufae? Mwongozo wa Kuchagua Kambi na Kiwanja cha Hema

Watu wengi hulipia mandhari. Wanaona picha ya ziwa wakati wa machweo, wanatoa pesa, kisha usiku wanakuta ardhi imeinama, choo kiko mbali na jirani anawasha jenereta. Msimamo wangu ni kwamba ulipie usingizi kwanza. Ziwani unaweza kwenda kwa miguu kesho yake, lakini kiwanja kibovu utalala nacho usiku kucha.

Nimezipanga aina za kambi kwa kuanzia na ile ninayoipendekeza kwa watu wengi.

Nafasi ya kwanza naipa kambi yenye huduma za msingi: maji ya bomba, vyoo, viwanja vyenye namba na msimamizi anayelala hapohapo. Viwanjani hakuna umeme, na kwangu hilo ni jambo jema, kwa sababu magari makubwa yenye viyoyozi huenda kwingine. Inamfaa anayeanza na mwenye watoto. Kabla ya kulipa, uliza kama maji yananyweka bila kuchemshwa, vyoo vinasafishwa mara ngapi kwa siku, saa za utulivu zinaanza lini na nani anazisimamia. Hilo la mwisho usiliache. Bango linalokataza kelele kuanzia saa 4 usiku halisaidii kitu kama hakuna wa kuwafuata wanaopiga muziki.

Ya pili ni kambi ya kuingia kwa miguu. Gari linabaki maegeshoni na mizigo unaibeba mwenyewe, pengine mita mia moja, pengine zaidi. Mwendo huo mfupi huchuja watu, ndiyo maana kuna ukimya. Nikiwa peke yangu, utafutaji wangu huanzia hapa. Mwenye mtoto mchanga au magoti yanayouma asijilazimishe.

Ya tatu ni kambi yenye kila kitu: umeme kiwanjani, maji ya moto, duka, hata bwawa la kuogelea. Kwa mwenye gari la kulala, au anayetumia mashine ya kumsaidia kupumua usingizini, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza bila mjadala. Ila uliza ni ampea ngapi, yaani kiasi cha mkondo wa umeme unaoweza kutumia kiwanjani. Kambi nyingi za Ulaya hutoa kati ya 6 na 16. Marekani viwanja vya magari mara nyingi vina 30 au 50. Kwa umeme wa volti 230, ampea 6 ni kama wati 1,380 tu, hivyo birika la wati 2,000 linaweza kukata umeme.

Ya mwisho ni porini pasipo huduma yoyote. Ni pazuri mno, lakini si pa kuanzia. Hakikisha kwanza kwamba kulala hapo kunaruhusiwa. Kama hakuna chanzo cha maji unachokiamini, beba lita 4 hivi kwa kila mtu kwa siku. Hema na choo viwe angalau mita 60 kutoka mtoni au ziwani, na shimo la choo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20. Takataka zote urudi nazo.

Ukishaichagua kambi, bado hujachagua kiwanja, na hapo ndipo wengi wanapozembea. Fungua ramani ya kambi. Kiwanja kilicho karibu na lango hupitiwa na kila gari, na cha karibu na mapipa ya taka hutembelewa na wanyama. Cha jirani na choo kina taa, harufu na milango inayobamizwa usiku. Bora kiwe umbali wa dakika moja au mbili kwa miguu. Mimi huchagua ukingo wa nje wa kambi, mahali ambapo upande mmoja hauna jirani.

Pima pia hema lako. Hema linaloitwa la watu 4 hupimwa kwa watu 4 waliolala wamebanana, bila mabegi. Na kamba zake zinahitaji kama mita moja zaidi kila upande.

Kisha ardhi. Usiku hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, kwa hiyo kiwanja kilichoinuka kidogo huwa na joto na ukavu zaidi kuliko cha chini kabisa. Kileleni nako kuna upepo na radi. Usipige hema kwenye mkondo mkavu wa mto, hata kama mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua iliyonyesha mbali inaweza kuujaza ghafla. Tazama juu pia: tawi lililokauka au mti uliokufa ni sababu tosha ya kukikataa kiwanja, hata kama kimelipiwa. Kivuli kinachofaa zaidi ni cha upande wa mashariki, kwani jua la asubuhi hugeuza hema kuwa tanuri mapema sana.

Soma masharti ya malipo: ada ni kwa hema au kwa kila mtu, gari la pili linatozwa, na ukighairi safari unarudishiwa kiasi gani? Ukifika, lala chini kwenye kiwanja kwa dakika chache kabla ya kufungua mizigo. Ukihisi damu inashukia kichwani au jiwe linakuchoma mgongoni, nenda kwa msimamizi uombe kingine mapema, kabla viwanja havijajaa.