Tathmini ya SWAT: programu ya kukadiria mtiririko wa mito, kwa mito ya kudumu na ya msimu

Kwa anayefanya kazi ya rasilimali za maji katika nchi zetu, ambako vituo vya kupimia mito ni vichache na vingi vina miaka mizima isiyo na kumbukumbu, SWAT ni programu ninayoipendekeza mbele ya nyingine, ingawa kwa mito ya msimu ninaipendekeza kwa masharti. Ilitengenezwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Texas A&M, hutolewa bure, na ukiitumia kupitia QSWAT, kiunganishi chake ndani ya programu huria ya ramani QGIS, hulipii leseni yoyote.

Nimeitumia kwa bonde la Usangu, kusini mwa Tanzania, mahali panapofaa sana kwa jaribio hili kwa kuwa mito ya aina zote mbili hushukia tambarare moja. Mbarali, Kimani na Ndembera hutiririka mwaka mzima kutoka nyanda za juu, ilhali Mkoji, ukishafika tambarare, hukauka kiangazi. Programu huhitaji ramani ya miinuko (ile ya setilaiti iitwayo SRTM, yenye vipande vya mita 30, inatosha), ramani za udongo na matumizi ya ardhi, na mvua ya kila siku. Palipokosekana vipimo vya mvua nilitumia CHIRPS, makadirio ya setilaiti yanayoanzia mwaka 1981. Kisha programu huligawa bonde vipande vipande na kukokotoa, siku kwa siku, mvua kiasi gani imetiririka juu, imenywewa na udongo, imepotea kwa mvuke, au imerudi mtoni kupitia chini ya ardhi.

Kwa mito ya kudumu sina lawama kubwa. Ukirekebisha kwa uvumilivu vigezo vya maji ya ardhini, kwenye grafu mstari wa makadirio ya kompyuta huufuata mstari wa vipimo kuanzia masika hadi mwisho wa kiangazi.

Kwa mito ya msimu ndipo penye kazi. Katika grafu yangu ya Mkoji, mstari wa vipimo ulishuka hadi sifuri na kulala hapo, huku ule wa programu ukiendelea kuelea juu kidogo wiki baada ya wiki, kana kwamba kijito chembamba bado kinapita kwenye mchanga mkavu. Jambo la kusikitisha ni kwamba alama ya Nash na Sutcliffe, kipimo cha ufanisi kinachotumika tangu 1970, haikuonyesha tatizo, kwa sababu hukokotoa mraba wa makosa na hivyo huhukumu zaidi siku za mafuriko. Kuikokotoa kwa logi (logarithi) ya mtiririko, ili siku za maji machache zipewe uzito, hakusaidii, maana sifuri haina logi. Tangu hapo huhesabu kwanza siku zisizo na maji kabisa, katika vipimo na katika makadirio, kabla sijatazama alama nyingine yoyote. Mfugaji anayenywesha ng'ombe mwezi wa kumi hahitaji kujua kilele cha mafuriko ya Machi.

Dawa kwa sehemu imo ndani ya programu yenyewe. Kigezo CH_K2 hueleza jinsi maji yanavyozama kwenye sakafu ya mto, lakini katika toleo la 2012 huanzia sifuri, hivyo asiyekigusa huwa ameufanya mto wa mchanga usivujishe hata tone. Maji yanayochukuliwa na mabanio ya skimu za mpunga nayo lazima uyaingize mwenyewe, mwezi kwa mwezi, na bila hayo makadirio ya kiangazi ya Usangu hayana thamani.

Namna programu inavyokokotoa ukuaji wa mimea ni udhaifu mwingine: ilibuniwa kwa nchi zenye majira ya baridi, si kwa uoto unaochipua mvua inapoanza, na ndiyo maana mwaka 2017 lilichapishwa toleo lililorekebishwa kwa bonde la Mara.

Ihefu, ardhioevu ya tambarare ya Usangu, nayo huhitaji uangalifu wa pekee. Maji yake hutoka mahali paitwapo Ng'iriama kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, mto Ruaha Mkuu hauletewi kitu, hata kama nyuma yake bado kuna maji mengi yaliyotuama. Nililazimika kuiingiza Ihefu kama bwawa lenye kimo maalumu cha kumwagika, na hapo ndipo programu ilipoanza kuukausha mto ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kama unavyokauka kweli tangu miaka ya 1990.