Uzoefu wangu wa kununua bangi halali Ontario: gramu, lebo na bei

Naishi Hamilton, Ontario, na nimekuwa mteja wa maduka ya bangi yenye leseni karibu tangu yaruhusiwe. Ndugu na jamaa wanaohamia Kanada, wakishajua kwamba mimi hutumia, huniuliza swali moja: mbona kopo hili ni dola 29, lile pembeni yake dola 98, na yote ni bangi kavu? Jibu langu ni kwamba bei ya kopo peke yake haikwambii kitu. Tafuta bei ya gramu kwanza, kisha usome lebo, kisha ndipo uamue kama ni ghali.

Tuliokulia Dar tunaijua kete, kile kifurushi kidogo cha bangi. Bei ya kete ni ile ile, kinachobadilika ni kilichomo ndani. Mzigo ukiadimika kete inakonda, na hakuna wa kukutolea mizani. Ni mambo ya lumbesa haya: watu wanakadiria kwa macho, na mmoja wao lazima apunjwe. Huku mambo yamegeuka. Uzito umesimama, bei ndiyo inayotembea. Nikiwa na kopo jipya la gramu 3.5 niliwahi kulimwaga kwenye mizani ndogo ya nyumbani, ikasoma 3.52. Kwa hilo peke yake naisifu huduma hii, maana mteja anajua anacholipia.

Vipimo vyenyewe vinawachanganya wageni kwa sababu havina mpangilio wa kumi kumi. Utakuta gramu 1, 3.5, 7, 14 na 28. Chanzo chake ni aunsi, ambayo ni gramu 28.35. Nusu yake ni 14, robo ni 7, na thumuni ni 3.5. Gramu 3.5 ndilo kopo linalouzwa kila mahali, na kwa mtu anayevuta kidogo jioni linakaa muda. Sheria inamruhusu mtu mzima kutembea na gramu 30 za bangi kavu hadharani, na dukani pia hawakuuzii zaidi ya hapo kwa mara moja. Hapa Ontario mtu mzima ni kuanzia miaka 19.

Hizo gramu 30 zina tafsiri yake kwa bidhaa nyingine, na hapa ndipo wengi wanapotea. Gramu moja ya bangi kavu inahesabiwa sawa na gramu 0.25 za mafuta mazito au utomvu, au gramu 15 za vitu vya kula vyenye bangi. Kwa hiyo utomvu mwisho wako ni gramu 7.5. Vinywaji vya bangi vilikuwa kichekesho mpaka Desemba 2022: kwa hesabu ya zamani uliweza kubeba makopo matano tu ya mililita 355, kwa sababu maji yote yaliyomo yalihesabiwa kana kwamba ni dawa. Walirekebisha, na sasa unaruhusiwa hadi makopo 48.

Turudi kwenye bei. Nitatoa mfano wa makopo mawili niliyoyakuta kwenye kabati moja, kabla ya kodi ya mauzo. La kwanza gramu 3.5 kwa dola 29, yaani kama dola 8.30 kwa gramu. La pili gramu 28 kwa dola 98, yaani dola 3.50 kwa gramu. Tofauti ni zaidi ya mara mbili. Sehemu ya tofauti hiyo ni ufungashaji tu: kopo lisilofunguka kwa mtoto, stempu ya ushuru, lebo na usafirishaji vinagharimu karibu sawa kwa kopo dogo na kubwa, kwa hiyo kopo dogo linabebeshwa mzigo mkubwa kwa kila gramu. Sehemu nyingine ni ubora, na hapo inabidi ufungue macho.

Lebo inaweza kuwa na mistari miwili inayofanana. Kwenye lile kopo la dola 29, nililonalo mezani sasa hivi, kuna THC (kemikali inayolevya) 0.9 mg kwa gramu, na chini yake jumla ya THC 220 mg kwa gramu. Mgeni akisoma wa juu anadhani ameuziwa majani ya mchicha. Mstari wa maana ni wa chini. Mmea mbichi una asidi iitwayo THCA, na moto ndio unaoigeuza kuwa THC. Jumla ndiyo inayoonyesha kitakachokuwepo baada ya kuwashwa, na 220 mg kwa gramu ni sawa na asilimia 22.

Ukishaujua mstari huo unaweza kupiga hesabu ya pili, bei ya miligramu. Kopo la dola 29 lina 770 mg za THC, takriban senti 3.8 kwa miligramu. Lile la dola 98 lilikuwa na asilimia 18, yaani 5,040 mg, chini ya senti 2 kwa miligramu. Sasa linganisha na jeli za kutafuna: sheria ya Kanada imeweka kikomo cha 10 mg za THC kwa pakiti nzima ya vitu vya kula, na pakiti hiyo nimeinunua kwa dola 5. Hiyo ni senti 50 kwa miligramu! Kweli, unapovuta, sehemu kubwa inaishia hewani na haifiki mwilini, kwa hiyo ulinganisho si wa moja kwa moja. Lakini unapolipia jeli unalipia kiwanda, maabara na pakiti kuliko unavyolipia bangi. Mimi bado nazinunua kwa sababu sipendi moshi ndani ya nyumba. Kwa anayeanza nasisitiza: 2.5 mg zinatosha, na usiongeze hata kama baada ya saa nzima hujasikia kitu, kwa sababu za kula zinaweza kuchukua saa mbili kuanza na hadi nne kufikia kilele.

Kuhusu ushuru, hili linaniuma kwa niaba ya wakulima. Bangi ilipohalalishwa tarehe 17 Oktoba 2018, serikali iliweka ushuru wa bidhaa wa dola 1 kwa gramu ya maua au asilimia 10 ya bei ya mzalishaji, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Wakati huo watu walitegemea gramu iuzwe karibu dola 10. Bei zikaporomoka, ile dola moja ikabaki pale pale. Kwenye kopo langu la dola 98, angalau dola 28 ni ushuru huo, na bado kaunta inaongeza HST, yaani kodi ya mauzo, ya asilimia 13. Mkulima, kiwanda, msambazaji na duka wanagawana kinachobaki. Ukishaelewa hivyo hushangai kwa nini bei ya gramu ya halali haiwezi kushuka mpaka chini kabisa, hata mavuno yakijaa ghala.

Kilichoshusha bei mpaka hapa ni ushindani. Mwanzoni mwa 2019 Ontario ilitoa leseni 25 tu za maduka, kwa bahati nasibu, na ya kwanza yakafunguliwa tarehe 1 Aprili mwaka huo. Leo mtaani kwangu yapo yanayotazamana. Wote wananunua mzigo kwa msambazaji mmoja wa jumla, Ontario Cannabis Store, ambayo ni mali ya serikali ya jimbo na inauza pia kwa mtandao. Kwa kuwa chanzo ni kimoja, bidhaa ile ile inaweza kutofautiana bei baina ya duka na duka kwa sababu ya faida anayoiweka mwenye duka tu. Ndiyo maana mimi huangalia bei kwenye tovuti ya Ontario Cannabis Store kabla sijatoka nyumbani.

Halafu kuna ilivyolimwa. Bangi ya ndani ya jengo inakula umeme wa taa na viyoyozi mwaka mzima. Ya kitalu nyumba inatumia jua, gharama inapungua. Ya shambani inavunwa mara moja, karibu na Oktoba, na ndiyo rahisi kuliko zote. Iliyopunguzwa majani kwa mikono ni ghali kuliko ya mashine, na misokoto iliyo tayari mara nyingi hutengenezwa kwa bangi iliyosagwa, lakini ukigawa bei kwa gramu unaikuta iko juu ya kopo zuri la maua. Tarehe ya kufungashwa ina uzito wake pia. Kopo lililokaa zaidi ya miezi sita nimelikuta limekauka, linavunjika vumbi ukilishika, harufu hakuna, na duka lilikuwa limelipunguza bei kimyakimya bila kusema sababu. Siku hizi nageuza kopo na kutafuta tarehe hiyo kabla ya kuuliza lolote.

Lalamiko langu kubwa ni kwa wahudumu wa kaunta. Duka moja la karibu na kwangu, kila mteja anayeingia anaelekezwa kwenye asilimia kubwa ya THC, kana kwamba asilimia 30 ni cheti cha ubora. Sivyo. Nimewahi kutumia ya asilimia 19 iliyokaushwa vizuri, yenye harufu ya machungwa, ikanipa jioni tulivu kuliko ya 29 iliyonipandisha mapigo ya moyo. Mama mmoja mtu mzima, alikuja kutafuta kitu cha usingizi, akatoka na kopo kali kuliko yote dukani. Nilimfuata nje nikamweleza. Hilo halikuwa jukumu langu.

Na kwa wanaosafiri: kopo hili, stempu yake na risiti yake havikulindi nje ya Kanada. Kuvuka nalo mpaka ni kosa hata ukielekea jimbo la Marekani linaloiruhusu, na Tanzania na Kenya sheria zao mnazijua.

Kwa jumla naipa huduma hii nyota nne. Mimi sasa nanunua gramu 7 za kitalu nyumba, zilizofungashwa ndani ya miezi mitatu, kwa dola 4 hadi 5 kwa gramu, na sijaona sababu ya kupanda zaidi. Nyota ya tano nitaitoa siku maduka yatakapoandika bei ya gramu kwenye kila rafu, kama supamaketi zinavyofanya kwenye jibini na nyama.