Uzoefu wangu na tutu ya waya ya shilingi 18,000

Nashona magauni ya harusi, huu mwaka wa kumi na saba, kwa hiyo neti si kitu kigeni mikononi mwangu. Shela, mikia ya magauni, zile sketi za ndani zinazomfanya bibi harusi ajae mlango mzima, zote ni neti. Basi binti yangu wa miaka 13 alipochaguliwa kucheza baleti katika onyesho la Desemba hapa Nairobi, na mwalimu akasema kila mtoto aje na tutu nyeupe, ile nguo ya neti wanayovaa wacheza baleti, nilijiambia hii ni kazi ya usiku mmoja. Nilikata neti mita sita, nikaipiga marinda, nikaishona kiunoni. Ikaanguka chini kama mwavuli ulionyeshewa. Kesho yake niliagiza moja kwenye intaneti, ya waya, kutoka duka la ng'ambo ambalo sitalitaja. Shilingi 18,000, usafirishaji na ushuru ndani.

Ilifika imekunjwa kama chapati ndani ya boksi. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Alinitazama nikiinyoosha ile waya juu ya meza ya kukatia, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni nguo au ungo?"

Sijapata kusikia maelezo bora. Ni ungo kweli: bapa, mgumu, unatokeza pande zote za nyonga, na mtoto amechomoza katikati.

Mimi nguo yoyote huipindua kwanza kabla sijaisifu. Nilipoipindua hii ndipo nilipojua kwa nini yangu ilianguka. Neti ya tutu haianzii kiunoni, inashonwa kwenye chupi. Tabaka la kwanza linakaa chini kabisa, karibu na paja, fupi na gumu, upana wa vidole vinne hivi. Juu yake linakuja la pili, refu kidogo, kisha la tatu, hivyo hivyo mpaka nyonga, na kila la chini linalisukuma la juu lisilale. Katikati ya tabaka mmepita waya mwembamba ndani ya utepe. Halafu tabaka zote zinapigwa bandi, yaani mishono ya kushikiza tu, ndefu na iliyolegea, ili ungo mzima utikisike kwa pamoja. Hakuna gundi wala wanga. Nilikaa nayo magotini zaidi ya saa nzima, chai ikapoa.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema tabaka kumi. Nimehesabu mara tatu, ni nane. Na zile bandi nilizozitaja hawakuzipiga kwa uzi. Wametumia vijiti vya plastiki kama vile vinavyoshikilia karatasi ya bei kwenye nguo mpya dukani. Siku ya kwanza ya mazoezi binti yangu alirudi na mikwaruzo kwenye mapaja kama aliyepita kwenye michongoma. Nilivikata vyote, nikapiga bandi kwa mkono, jioni mbili. Kitu cha bei hii hakistahili kuja na kazi ya nyumbani.

Bodisi, ile sehemu ya kifuani, lazima niseme haki, ni nzuri. Vipande vimekatwa vizuri, bitana ni pamba nzito, na mgongoni kuna safu mbili za vitundu vya kulabu, kwa hiyo mtoto akinenepa kidogo unahamisha safu tu. Kampuni kubwa za baleti hufanya hivyo ili nguo moja ivaliwe na wachezaji wengi miaka na miaka, na ukifungua ndani unakuta majina yao yameandikwa kwenye bitana, moja chini ya jingine. Mikanda ya mabega ndiyo ilikuja na ile rangi ambayo watengenezaji huiita rangi ya ngozi. Ngozi ya nani, sijui. Humu nyumbani hakuna mwenye ngozi hiyo. Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti alilolianzisha Arthur Mitchell huko New York mwaka 1969, walilimaliza jambo hili zamani: walianza kutia rangi soksi ndefu na viatu ili vifanane na ngozi ya kila mchezaji. Mimi nilichemsha strungi nzito, nikaitumbukiza mikanda usiku kucha. Imekubali.

Urefu ndio ulionifanya nikae kusoma, maana mama hakuniacha. Kila akipita anauliza hii nguo nyingine imeishia wapi. Ukweli ni kwamba mwanzoni haikuwa ungo. Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, Marie Taglioni alitokea jukwaani kwenye La Sylphide, baleti aliyotungiwa na baba yake Filippo, akiwa na sketi nyeupe nyepesi yenye umbo la kengele, iliyokoma chini ya magoti. Kwetu lile ni gauni la heshima tu. Lakini Taglioni alikuwa akisimama juu ya ncha za vidole, na sketi ile ilimwacha kila aliyelipa kiingilio aione kazi hiyo. Tangu hapo mkasi umekuwa ukifuata miguu. Virginia Zucchi, Mwitaliano, alipokwenda kucheza St Petersburg mwaka 1885 alivaa sketi fupi kuliko walizozoea Warusi. Mwenzake Pierina Legnani, katika baleti ya Swan Lake mwaka 1895, alizunguka mara 32 juu ya mguu mmoja, mguu wa pili ukipiga hewa kila mzunguko. Ukimvisha sketi ndefu mtu anayefanya hivyo, watu wanaona kitambaa kinazunguka, basi.

Jina lenyewe limetokana na neno la kitoto la Kifaransa la makalio. Nilipomwambia mama, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kumbe hawakuficha chochote tangu kwenye jina.

Kuna jambo moja sikumwambia. Emma Livry alikuwa mwanafunzi wa Taglioni huyo huyo. Siku zile jukwaa liliwashwa kwa taa za gesi, na sketi zilikuwa za pamba nyembamba ambayo moto unaipenda. Dawa ya kuzuia moto ilikuwepo, ila ilikifanya kitambaa kuwa kigumu na kupauka, naye akaikataa. Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi hapo Opera, sketi yake iligusa taa. Alikufa Julai mwaka uliofuata, baada ya miezi minane ya majeraha, akiwa na miaka 20. Nimewahi kuwaambia wateja kumi au ishirini kwamba kitambaa fulani kitaharibu mng'aro wa gauni lao. Sasa nikisema hivyo namkumbuka.

Neti ya siku hizi ni nailoni, nayo ina vituko vyake. Nilijaribu kuinyoosha mikunjo ya boksi kwa pasi, juu ya kitambaa, pasi ikiwa na moto mdogo kabisa. Tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, tabaka la juu, mbele! Nililiziba kwa ua la satini, na mwalimu akadhani ni mtindo. Usitumie pasi. Itundike bafuni maji ya moto yakitoka, mvuke utafanya kazi yenyewe. Kufua pia usithubutu, waya itapata kutu. Wenzetu wa majumba ya maonyesho hupulizia vodka upande wa ndani ili kuua harufu ya jasho. Pombe siingizi nyumbani, kwa hiyo nimetumia siki iliyochanganywa na maji, na harufu ya siki iliondoka siku ya pili. Kuhifadhi, itundike kichwa chini, miguu ya chupi juu, ili neti ianguke kuelekea inakotakiwa kwenda.

Na ikivaliwa? Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu shilingi kwa muda. Binti yangu ni mtoto wa kuinama inama, simu imemkunja shingo. Nilimfunga kulabu ya mwisho, akajaribu kuitazama miguu yake, hakuiona. Ungo umeifunika. Akajaribu kushusha mikono, neti ikaikataa. Kukaa haiwezekani. Basi alinyooka, kwa sababu nguo haikumwachia njia nyingine, akatembea mpaka kwenye kioo kwa hatua ambazo sikuwahi kumfundisha. Mama aliacha kula.

Tatizo kubwa lilikuja wiki mbili kabla ya onyesho. Watoto wanacheza kumi na wawili kwa pamoja, na jukwaa lile si uwanja. Wakikaribiana, ungo unagonga ungo: mmoja unainuka mbele, mwingine unashuka nyuma, na waya ikishaanza kuyumba haitulii mpaka muziki uishe. Mwalimu akatuambia hili lilishamkera mtu zamani. Mwaka 1950 huko New York, Barbara Karinska, mshonaji wa mtunzi wa baleti George Balanchine, aliitoa waya katika nguo za baleti ya Symphony in C, akabaki na tabaka fupi laini zilizopigwa bandi kwa kulegea, zinazofutuka kama pafu ya kupakia poda usoni. Zikigongana zinapishana tu. Akatushauri tufanye hivyo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kama mtoto wako anacheza peke yake katikati ya jukwaa, tutu ya waya inafaa, ila mwombe muuzaji picha ya upande wa chini kabla hujatuma hela, na uhesabu tabaka. Kama anacheza katika kundi, umelipia waya utakayoitoa. Hii niliyonunua naipa nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo ni za bodisi.

Wazazi watano waliniletea zao nizitoe waya. Nilitaka kuzitupa hizo waya, mama akanizuia. Alipanda treni ya Mombasa na nne kati yake zimeviringishwa ndani ya leso. Anasema ni duara safi kabisa za kutundikia vyandarua.