Injini imekufa: ovahoo au ya mtumba?

Timu ya ridhaa ikiua injini ya gari la mbio, mabishano huanza papo hapo: kuifanyia ovahoo, yaani kuifungua na kubadilisha vilivyochakaa, au kufunga ya mtumba? Kwa gharama, ya mtumba hushinda mara nyingi. Ovahoo haiishii kwenye ringi za pistoni na beringi, kwani kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikichubuka itabidi ichongwe, na bajeti ndiyo hiyo imekwisha. Kwa uimara naipa ovahoo, mradi nafasi ndogo kati ya beringi na kranki zipimwe, si kukisiwa. Ya mtumba ni bahati nasibu: pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda; silinda moja ikiwa chini mno kuliko nyingine, iache. Matunzo? Iliyotoka ovahoo hudai oili mpya mapema, maana ringi mpya zikijikalisha kwenye kuta za silinda hutoa chembe za chuma. Mbio wikiendi hii? Funga ya mtumba. Una miezi na fundi makini? Fungua ya zamani.