Dirisha la chuma au la alumini ya kuteleza?

Kwa anayejenga Ruai au Kitengela, viungani mwa Nairobi, dirisha la chuma huanza na ushindi wa bei. Fundi wa jua kali hulichomelea kwa kipimo chako, na grili huwa humo humo. La alumini hudai grili ya kutengenezwa kando, gharama ambayo wengi huisahau wakipiga hesabu.

Hewa nayo isipuuzwe. Dirisha la chuma kwa kawaida ni la bawaba, nalo hufunguka lote; la kuteleza lenye vioo viwili hufunguka nusu tu. Jikoni na bafuni, mimi ningeshikilia bawaba kabisa.

Utunzaji ndio unaogeuza mambo. Chuma kisichopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya masika ya Machi hadi Mei huanza kuliwa kwenye viungo, na puti inayoshika kioo hukauka ikapasuka. Alumini haishiki kutu. Safisha tu reli na vitundu vya kutolea maji, hasa ukikaa kando ya barabara ya vumbi.

Nyumba ya kupangisha, yenye fundi karibu: chuma. Ukijenga ukiwa mbali, bila wa kupaka rangi, alumini itakuuma mfukoni zaidi ya chuma, kisha ikuache upumue.